Ligi za Mikoa za Italia na Mpaka wa Soka la Ridhaa

Eccellenza ni daraja la tano la soka la Italia, na ndiyo ligi ya juu kabisa kati ya zile zinazoendeshwa na mikoa. Juu yake ipo Serie D, ambayo nayo ni ya ridhaa lakini huendeshwa kitaifa kutoka Roma. Chini yake zinafuata Promozione, Prima Categoria, Seconda Categoria na Terza Categoria, hii ya mwisho ikichezwa ndani ya wilaya. Eccellenza ina makundi 28 nchi nzima. Lombardia, mkoa wenye watu wengi kuliko yote, una makundi matatu. Piemonte, Veneto na Toscana kila mmoja una mawili. Umbria, Molise na Sardinia ina kundi moja moja. Valle d'Aosta ni mkoa mdogo mno kuwa na kundi lake, kwa hiyo timu zake zimeunganishwa na za Piemonte.

Tofauti kati ya ligi hizi na zile za juu haiishii kwenye ubora wa mpira. Ipo pia katika sheria, inayoamua nani ahesabiwe kuwa mchezaji wa kulipwa na nani wa ridhaa. Mpaka huo umechorwa na kuchorwa tena tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kila ulipohamishwa, ligi ya mkoa ilibadilishiwa jina au nafasi. Klabu nyingi zimewahi kulala zikiwa daraja fulani na kuamka zikiwa daraja jingine bila kucheza hata dakika moja.

Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Italia yalichezwa Torino tarehe 8 Mei 1898 na kumalizika siku hiyohiyo. Timu zilikuwa nne, tatu za mji huohuo pamoja na Genoa, iliyotwaa kombe. Wakati huo hapakuwa na haja ya madaraja. Haja ilikuja klabu zilipoongezeka na kila moja ikawa na kikosi cha akiba kilichotaka mechi. Mwaka 1904 ikaanzishwa Seconda Categoria, iliyokusanya vikosi hivyo vya akiba pamoja na klabu changa. Mwaka 1912 ikaundwa Promozione kama daraja la pili, jina ambalo limehamishwa juu na chini mara nyingi tangu hapo bila kuachwa. Michezo ilipangwa kwa mikoa kwa sababu ya kawaida kabisa: wachezaji walikuwa na kazi zao, nauli ya treni walijilipia, na Jumapili haikutosha kwenda mbali na kurudi.

Mpangilio huo wa mikoa uliipa kila klabu, hata ya mji mdogo, kura katika mkutano wa shirikisho. Matokeo yake yalionekana baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika msimu wa 1920 hadi 1921 daraja la kwanza lilikuwa limevimba hadi kufikia timu zaidi ya 80, nyingi zikifungwa mabao mengi na kukusanya mapato kidogo. Vittorio Pozzo, ambaye baadaye aliiongoza timu ya taifa kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1934 na 1938, alitoa mpango wa kupunguza timu hizo hadi 24. Klabu ndogo zilijua kwamba zitakazotupwa nje ni zenyewe. Wengi wape: mpango ukaangushwa kwa kura. Klabu kubwa zikasusa, zikaunda shirikisho lao, na msimu uliofuata Italia ikawa na mabingwa wawili, Pro Vercelli upande wa waliojitenga na Novese ya Novi Ligure upande wa shirikisho la zamani. Mgogoro ulimalizwa katikati ya mwaka 1922 kwa upatanishi wa Emilio Colombo, mhariri wa Gazzetta dello Sport, na kwa jumla wakubwa walipata walichokitaka. Daraja la juu likapunguzwa hatua kwa hatua, na umati wa klabu zilizobaki ukaelekezwa kwenye ligi za chini.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na utawala wa kifashisti. Tarehe 2 Agosti 1926 ulitangazwa Mkataba wa Viareggio, ulioondoa uchaguzi ndani ya shirikisho na kuweka viongozi wa kuteuliwa. Mkataba huo ulifunga milango kwa wachezaji wa kigeni na, kwa mara ya kwanza katika kanuni za Italia, ukawagawa wachezaji katika makundi mawili, wa ridhaa na wasio wa ridhaa. Malipo ya siri yalikuwa yamezoeleka kwa miaka kadhaa, na mkataba uliyapa uhalali kwa upande mmoja tu. Kuanzia hapo klabu ya mkoa ilikuwa na jina la kisheria: ya ridhaa.

Serie A ya kundi moja ilianza mwaka 1929. Serie C ilipoundwa mwaka 1935 ilichukua nafasi ya Prima Divisione ya kitaifa, na Prima Divisione yenyewe ikakabidhiwa kwa uongozi wa mikoa. Mwaka huo wa 1935 unafaa kuhesabiwa kuwa chimbuko halisi la ligi ya juu ya mkoa kama inavyojulikana leo, yaani shindano ambalo bingwa wake anatoka nje ya mkoa na anayeshuka anabaki ndani. Pembeni mwa mfumo huo palikuwa pia na ULIC, umoja ulioanzia Milano mwaka 1917 kwa ajili ya timu za vijana na za mitaa zisizomudu ada za shirikisho. Shirikisho liliumeza katika miaka hiyohiyo.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, reli na madaraja vilikuwa vimebomolewa, na kila timu ilitaka kucheza karibu na kwao. Serie C ikarundikwa timu zaidi ya 200. Aliyepewa kazi ya kupunguza msongamano huo alikuwa Ottorino Barassi, rais wa shirikisho tangu 1946, ambaye wakati wa vita alilificha Kombe la Dunia chini ya kitanda chake ndani ya boksi la viatu. Uamuzi wake wa mwaka 1947 uliifanya Serie C kuwa ndogo na kuweka chini yake Promozione iliyovuka mipaka ya mikoa. Mpango huo haukudumu. Mwaka 1952 ikaanzishwa IV Serie kama daraja la nne, na Promozione ikateremshwa kuwa ligi ya juu ya mkoa.

Mageuzi makubwa zaidi yalitokana na aibu ya timu ya taifa. Januari 1958 Italia ilifungwa na Ireland ya Kaskazini mjini Belfast na kukosa Kombe la Dunia. Barassi akaondoka, na kamati ya Olimpiki ikamleta Bruno Zauli kuwa msimamizi. Mwaka 1959 Zauli aliligawa soka la Italia katika ligi tatu zenye ofisi tofauti, moja ya kulipwa yenye makao Milano, moja ya nusu ridhaa yenye makao Firenze, na Lega Nazionale Dilettanti, ligi ya kitaifa ya ridhaa, yenye makao Roma. Serie D ikazaliwa mwaka huo na kuwekwa upande wa nusu ridhaa. Prima Categoria ikawa ligi ya juu ya mkoa, hadi kamati za mikoa ziliporudisha Promozione juu yake kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, kila moja kwa wakati wake. Uongozi wa ligi mpya ya ridhaa ulikabidhiwa kwa Barassi yuleyule aliyekuwa ameondoka. Mtu aliyeaibishwa na timu ya taifa akapewa asilimia kubwa ya klabu zote za nchi, na kwa kipimo chochote cha haki hakupunguziwa kazi.

Kundi la nusu ridhaa lilikaa muda wa miaka zaidi ya 20. Sheria namba 91 ya tarehe 23 Machi 1981 ilitambua mchezaji wa kulipwa kuwa mfanyakazi mwenye mkataba, na kwa kufanya hivyo ikafuta nafasi iliyokuwa katikati. Serie C1 na C2, ambazo Serie C ilikuwa imegawanywa kuwa, zikaingia upande wa kulipwa. Serie D ikashushwa upande wa ridhaa na kuitwa Interregionale. Mpaka ukawa wazi kuliko wakati wowote uliotangulia, lakini pengo kati ya Interregionale na Promozione ya mikoa likawa pana mno: timu iliyopanda iliparamia milima na iliyoshuka iliwameza wenzake. Ili kuliziba pengo hilo, mwaka 1991 ikaanzishwa Eccellenza. Ilipoanza ilikuwa daraja la sita. Mwaka 2014, madaraja mawili ya chini ya soka la kulipwa yalipounganishwa kuwa moja, ikawa la tano.

Utaratibu wa kupanda ni mgumu kwa makusudi. Serie D hupokea kutoka Eccellenza timu 36 kila mwaka. Vinara 28 wa makundi hupanda moja kwa moja. Nafasi moja ni ya mshindi wa Kombe la Italia la ridhaa, shindano linaloanza kwa kombe la kila mkoa na kumalizikia katika fainali ya taifa. Nafasi saba zilizobaki hugombewa na timu 28 za nafasi ya pili, au zilizoshinda mchujo wa mkoa wao, katika raundi mbili za nyumbani na ugenini. Raundi hizo huzikutanisha timu ambazo hazijawahi kuonana. Timu ya Calabria yaweza kupangiwa safari ndefu kuliko zote ilizofanya msimu mzima, mwezi Mei au Juni, wachezaji wakiwa wamechoka. Pengo la pointi kati ya timu za mchujo likizidi kiwango kilichowekwa, mechi haichezwi na aliye juu anasonga mbele. Timu mbili zikimaliza kileleni kwa pointi sawa, tofauti ya mabao haihesabiwi. Hukutana katika uwanja usio wa yeyote kwa mechi moja ya kuamua, na mechi hizo ndizo hujaza viwanja vya watu elfu kadhaa katika ligi ambayo kwa kawaida watazamaji wake hujuana kwa majina.

Mechi yenyewe huchezwa Jumapili alasiri, saa nane na nusu majira ya baridi, katika uwanja ambao mara nyingi ni mali ya halmashauri ya mji. Kabla ya mchezo mwamuzi huingia katika chumba cha kubadilishia nguo akiwa na orodha ya wachezaji na kadi zao. Huita jina la ukoo, na anayeitwa hujibu kwa jina lake la kwanza na namba ya jezi, mmoja baada ya mwingine hadi kocha. Eccellenza na Promozione hupewa waamuzi watatu kutoka chama cha waamuzi, kilichoundwa Milano mwaka 1911. Kuanzia Prima Categoria kwenda chini mwamuzi ni mmoja peke yake, na vibendera hushikwa na watu wa klabu zenyewe, jambo ambalo limezua mabishano mengi ya kuotea kuliko kanuni yoyote ya mchezo.

Katikati ya wiki hutoka Taarifa Rasmi ya kamati ya mkoa. Ndani yake mna matokeo, ratiba na hukumu za jaji wa michezo: kadi, kufungiwa, faini kwa kelele za matusi, faini kwa moshi wa fataki, hata faini kwa klabu ambayo chumba cha mwamuzi hakikuwa na maji ya moto ya kuogea. Hakuna hati inayoeleza maisha ya ligi hizi vizuri kuliko hiyo, na wapenzi wa soka wa mikoani huisoma kwa umakini ambao wengine huwapa waandishi wa riwaya.

Jiografia nayo ina lake la kusema. Timu ya Sardinia inayocheza Eccellenza husafiri kwa gari ndani ya kisiwa. Ikipanda Serie D huwekwa pamoja na timu za bara, na kila safari ya ugenini huwa ya ndege au meli, gharama ambayo imezifanya klabu kadhaa za kisiwani kupima mara mbili kama kupanda ni heri. Katika Campania, timu za kisiwa cha Ischia huvuka bahari kwa feri hata katika ligi ya mkoa. Kaskazini kabisa, wilaya za Trento na Bolzano zina kamati mbili tofauti lakini kundi moja la Eccellenza, na klabu za wasemaji wa Kijerumani huko huiita ligi hiyohiyo Oberliga.

Ligi za mkoa zimekuwa pia mahali pa kuangukia wakubwa. Casale, ya mji wa Casale Monferrato katika Piemonte, ilikuwa bingwa wa Italia mwaka 1914. Ilianzishwa mwaka 1909 chini ya mwalimu Raffaele Jaffe, na jezi yake nyeusi ilichaguliwa ili ipingane na nyeupe ya jirani zao wa Pro Vercelli. Jaffe, mwenye asili ya Kiyahudi, alipelekwa Auschwitz mwaka 1944 na hakurudi. Klabu yake iliporomoka kifedha mwaka 2013 na kuanza upya katika ligi za mkoa. Novese, bingwa wa shirikisho wa mwaka 1922, sehemu kubwa ya historia yake iliyofuata iko katika madaraja ya chini. Kanuni za shirikisho huruhusu mji uliopoteza klabu ya kulipwa kupewa nafasi ya ziada kwa ajili ya klabu mpya, kwa malipo, na ndivyo Livorno ilivyojikuta Eccellenza ya Toscana mwaka 2021 na Siena mwaka 2023. Siena, iliyokuwa Serie A miaka kumi tu kabla ya hapo, ilipanda baada ya msimu mmoja. Kwa timu za vijiji vya Toscana, kupokea Siena nyumbani kulimaanisha mapato makubwa ya mlangoni na, mara nyingi, kichapo.

Njia ya kwenda juu ni nyembamba zaidi. Moreno Torricelli alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha samani na kuichezea Caratese ya Interregionale alipochukuliwa na Juventus mwaka 1992; miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa Ulaya. Fabio Grosso alianza katika Eccellenza ya Abruzzo akiwa na Renato Curi, ambako alikaa hadi 1998 na kufunga mabao kama kiungo mshambuliaji. Akiwa beki wa kushoto alipiga penalti ya mwisho iliyoipa Italia Kombe la Dunia mjini Berlin tarehe 9 Julai 2006. Kisa cha Junior Messias ni cha karibuni zaidi. Mbrazili huyu aliishi Torino akisambaza majokofu na kucheza mashindano ya wikendi, hadi kocha Ezio Rossi alipomwona na kumpeleka Casale, wakati huo ikiwa Eccellenza, mwaka 2015. Novemba 2021 alifunga kwa kichwa bao pekee la Milan ugenini kwa Atlético Madrid katika Ligi ya Mabingwa, na msimu huo akawa bingwa wa Italia. Majina haya hutajwa mno, pengine kupita kiasi, kwa kuwa yanahesabika kwa vidole kati ya maelfu waliocheza Jumapili na kurudi kazini Jumatatu.

Ili kuipanua njia hiyo, ligi ya ridhaa iliweka sharti kwamba kila timu iwe na idadi fulani ya vijana uwanjani, kulingana na mwaka wa kuzaliwa, kwa dakika zote za mchezo. Sharti hilo limewapa nafasi wengi wenye miaka 17 au 18. Lakini limefanya tarehe ya kuzaliwa iwe bidhaa. Kipa wa miaka 19 hutafutwa kama dhahabu, na akifika 21 hujikuta akishindania nafasi na watu wazima, huku klabu ikiwa imeshampata mdogo wake.

Janga la korona lilisimamisha ligi zote za mikoa mapema mwaka 2020, na waliokuwa wakiongoza wakapandishwa. Msimu uliofuata ulikatizwa tena mwishoni mwa Oktoba. Eccellenza peke yake kati ya ligi za mikoa ndiyo iliyorudi uwanjani Aprili 2021, kwa klabu zilizotaka tu, na hakuna aliyeshushwa.

Kwa muda mrefu mchezaji wa Eccellenza hakuwa na mshahara kisheria. Alipewa marejesho ya gharama, ambayo kuanzia 2018 hayakutozwa kodi hadi kufikia euro 10,000 kwa mwaka, na kila aliyekuwa karibu na soka hilo alijua kwamba kwa mfungaji mzuri nauli na viatu havikufika kiasi hicho. Upande wa pili wa hali hiyo ulikuwa kifungo cha usajili. Kijana aliyetia saini akiwa kidato cha kwanza alibaki mali ya klabu hadi atimize miaka 25, na kabla ya miaka ya 2000 kifungo hicho kilidumu zaidi. Klabu ikikataa kumwachia, alichoweza kufanya ni kukaa nje. Klabu ndogo zilikitetea kifungo hicho kwa nguvu zote, kwani kumuuza kijana mmoja kwa klabu ya daraja la juu kuliweza kulipia taa, maji na basi la msimu mzima.

Agizo la sheria namba 36 la mwaka 2021 lilivunja pande zote mbili. Tangu tarehe 1 Julai 2023, anayelipwa kwa kucheza anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa michezo hata akiwa wa ridhaa. Malipo yake hayatozwi kodi hadi euro 15,000 kwa mwaka, na michango ya pensheni huanza yakipita euro 5,000. Kifungo cha usajili kilifutwa, kwa kipindi cha mpito kwa waliokuwa wamefungwa tayari. Badala yake klabu iliyomlea kijana hulipwa tuzo ya mafunzo anapotia saini mkataba wake wa kwanza wa kazi kwingine. Makaratasi yameongezeka: mikataba, michango, taarifa kwa mamlaka za kazi, mambo ambayo katika klabu nyingi hufanywa na mtu wa kujitolea baada ya saa za kazi yake. Klabu zisizomudu zimekuwa zikiungana na za mji jirani, desturi ya zamani katika ligi hizi. Hata Renato Curi ya Pescara, aliyoichezea Grosso, iliungana na Angolana ya Città Sant'Angelo, na klabu iliyozaliwa ikabeba majina yote mawili.